Maji ya Kuoshea Ukuta

Kuna hoteli moja kando ya barabara ya Namanga ambayo mimi siingii. Siingii hata mvua ikinyesha, hata kama ni mtu mwingine analipa. Juu ya meza za kona wametundika picha kubwa ya nyumba ya mawe iliyobambuka, mlango wa buluu, mabati ya kutu, na chini yake wameandika neno moja kwa herufi za rangi ya dhahabu: GOFU. Watu hukaa chini yake wakatafuna nyama choma na kusema, ona vile ni nzuri. Ningekuwa na ubavu ningeing'oa pamoja na msumari wake. Gofu ni nyumba isiyo na mtu. Ile ilikuwa na mtu ndani, na siku picha hiyo ilipopigwa alikuwa amejifungia, analia kwa sababu ya maji.

Wacha nianze mbali kidogo, hasira isinipeleke mbio.

Nilikuja Kitengela nikiwa mtoto, katika miaka ya tisini, tukitoka Ukambani. Baba alipata kibarua kwenye mashamba ya maua kule Isinya, mama akaanza kuuza mboga na githeri pale Noonkopir. Nyumba yetu ya nyumbani tuliifunga mlango kwa waya, mama akasema tutarudi Desemba. Hatukurudi. Mjomba ndiye alikuja kutuambia paa limeanguka, akatuambia hivyo huku anakula, kama mtu anayesema habari za mvua. Mimi nilitoka nje nikalia nyuma ya choo. Sikuwa na picha hata moja ya nyumba ile. Kilichobaki kichwani ni ukuta wa jikoni mweusi kwa moshi, na tundu karibu na dirisha walimokaa nyuki.

Shule niliachia kidato cha pili, karo ilipokataa. Sikununa sana. Mimi ni mtu wa kucheka, hata mwalimu alikuwa akiniambia nitachekea mpaka kaburini. Nikapata kazi ya kufagia kwenye studio moja ya picha Noonkopir, na baada ya muda mwenye studio akanifundisha kamera, kisha akaniuzia ya kwake ya zamani.

Ile studio ilikuwa na pazia lililochorwa ndege ikipaa juu ya maporomoko ya maji, na ilikuwa na koti. Koti lilikuwa moja, jeusi, na nadhani nusu ya wanaume wa Kitengela walipigwa picha ndani yake. Mwembamba tunalibana kwa pini mgongoni, mnene anashikilia tumbo. Kulikuwa na tai, kitana, na mafuta ya kujipaka kwenye kikopo. Akina mama walikuwa wakipangusa viatu vyao hata baada ya kuambiwa picha inaishia kifuani. Hakuna mtu aliyekubali kupigwa picha vile alivyotoka kazini. Wakati huo nilikuwa nikiwacheka.

Filamu ilikuwa na picha thelathini na sita. Jumapili, nikimaliza kupiga familia zote mbele ya maua ya kanisa, zilikuwa zinabaki tatu au nne, na huwezi kupeleka filamu kuoshwa kabla haijaisha. Wenzangu walizimaliza kwa kujipiga wenyewe wakiegemea gari la mchungaji. Mimi nilipanda baiskeli nikatafuta nyumba kuukuu. Bucha ya mawe isiyo na paa. Josho ambalo ng'ombe hawajapitishwa tangu sijui lini, mikorogo ya dawa imekauka chini kama uji wa jana. Nilikuwa nikikaa hapo nikijiuliza nani aliweka hili jiwe, na alikula nini mchana wake.

Mama alishika picha ya josho akaigeuza juu chini.

"Mwanakwa, hii ni nini?"

"Josho la zamani, mama."

"Na ng'ombe wako wapi?"

"Hakuna."

"Na watu?"

"Hakuna pia."

"Sasa hii utamuuzia nani? Hilo josho?"

Nilicheka, lakini kichwani nilikuwa nimeshajenga yangu. Nilijiona nikizunguka Kenya nzima na baiskeli, kisha na pikipiki, nikiwahi kila nyumba kabla haijaanguka. Hakuna tena mtoto wa mtu angekosa picha ya kwao.

Kwa hiyo siku mwenye hoteli alipoingia studio, mimi niliona ni mlango umefunguka. Alikuwa mtu wa nyumba za kukodisha kule Rongai, na sasa alikuwa anajenga hoteli Kitengela. Alikuja kupigwa picha ya pasi. Alikuwa na koti lake mwenyewe. Alinisimamisha mara tatu anyooshe kola, akajipangusa jasho la upara na kitambaa, akauliza kama kidevu kimekaa sawa. Nilipomaliza akaziona picha zangu za nyumba kuukuu nilizobandika karibu na kioo.

"Wewe kijana, hizi ni za nani?"

"Ni zangu, mzee."

"Ziko na kitu. Nataka za kujaza ukuta mzima wa hoteli yangu. Lakini nataka za kuoza. Kuoza kabisa, umenielewa? Wageni wa kutoka Nairobi wanapenda kitu ya kizamani." Akafika mlangoni akageuka. "Na usiniwekee watu. Watu wanaharibu."

Mimi, kwa furaha, hata sikulisikia hilo neno vizuri. Watu wanaharibu. Ningelisikia leo ningemrudishia kola yake ikiwa imepinda.

Nilizunguka. Nilipiga nyumba za reli pale Kajiado, mbao zimepauka. Nilipiga shule iliyohamwa. Halafu siku moja, katikati ya Isinya na Kajiado, nikaona mabati mekundu kwa kutu mbali na lami, nikasukuma baiskeli kati ya miiba mpaka hapo.

Ilikuwa stoo ya ngozi ya zamani. Mawe ya kuchongwa, chokaa imebambuka vipande vipande, na chini ya chokaa rangi ya waridi, na chini ya waridi kijani. Juu ya mlango wa buluu palibaki nusu ya mchoro wa mizani. Ufa mmoja ulitoka kwenye paa ukashuka ukapinda dirishani kama mto wa kwenye ramani. Jua la asubuhi lilikuwa linaupiga ule ukuta kwa ubavu na kila bonde dogo lilikuwa na kivuli chake. Niliinama chini. Nilisema peke yangu, hii ndiyo.

"Unaangalia nini, layioni?"

Layioni ni kijana asiyetahiriwa. Ndivyo Mmaasai anavyokuita akitaka ukae chini. Ilikuwa sauti ya bibi mzee, amesimama mlangoni na kikombe mkononi.

"Takwenya, Koko," nikamsalimu kwa heshima ya bibi.

"Iko," akaitikia. "Unauza ploti?"

"Hapana, Koko. Mimi ni mpiga picha."

"Hata wale wa ploti wako na kamera."

Nilicheka, yeye hakucheka, kisha akacheka. Akanipa chai kwa hicho hicho kikombe. Aliniambia mume wake ndiye aliyekuwa anapima ngozi hapo, na mwenye stoo alipofunga biashara akaondoka, alimwachia ufunguo akamwambia kaa. Mume alikufa, ufunguo ukabaki. Aliufunga kwenye kamba shingoni, katikati ya shanga.

"Mimi sikujenga hii nyumba," akasema, akiugonga ule ufa na kifundo cha kidole. "Imejengwa na wanaume. Ndio maana inapasuka."

Kwa Wamaasai kujenga ni kazi ya mama. Kuta ni zake, paa ni lake, na nyumba ikivuja watu hawamsemi baba.

"Na hawa wa ploti, Koko?"

Uso wake ukabadilika. "Wanasimamisha gari pale barabarani, wanaonyesha watu kwa mkono. Juzi nasikia mmoja anasema, hii ni nyumba ya zamani tu, hakuna mtu. Na mimi niko hapa ndani nakohoa! Nikakohoa kwa nguvu. Wakaenda. Lakini watarudi. Mahali hakuna mtu, mtu anauza." Akaniangalia. "Hiyo picha yako, watu wanaiona?"

"Watu wengi sana, Koko. Itawekwa hotelini Kitengela."

Alifikiri. Akachukua kikombe chake.

"Rudi Alhamisi. Asubuhi, kama sasa."

Nilifurahi kwa sababu jua lilikuwa sawa. Sikumwuliza kwa nini Alhamisi.

Alhamisi nilipoiona nyumba kutoka mbali, nilidhani nimepotea njia. Ukuta wote wa mbele ulikuwa wa rangi moja, laini, kijivu cha kahawia. Hakuna waridi, hakuna kijani, hakuna mizani. Ule ufa wangu mzuri umezibwa. Koko na majirani wawili walikuwa wanamalizia upande wa dirisha, mavi ya ng'ombe na majivu mpaka viwiko, wanaimba. Wamekandika nyumba ya mawe! Nilitupa baiskeli chini.

"Koko! Mmefanya nini?"

"Tumevalisha nyumba."

"Lakini nilitaka ile ya zamani! Ile ya juzi!"

Jirani mmoja akamwambia mwenzake kitu kwa Kimaasai, wakacheka mpaka wakashikana. Koko akanawa mikono kwa kikombe kimoja cha maji, si zaidi, akanijia.

"Wewe," akasema, "ungekubali kupigwa picha na shati imepasuka?"

Nilikaa kwenye jiwe. Hasira ilinijaa mpaka masikioni. Nilikuwa nimeshaiona ile picha hotelini, nimeshaona wageni wakiuliza ni nani aliyeipiga. Nikafungua mdomo nimwambie hajui picha. Halafu lile koti jeusi la studio likanijia akilini, na pini zake mgongoni, na akina mama wakipangusa viatu visivyoonekana. Mdomo ukajifunga wenyewe.

Aliingia ndani akatoka amevaa shanga zote. Akasimama kando ya mlango, mkono mmoja kwenye ukuta, mwingine umeshika ufunguo kifuani. Hakutabasamu. Alitazama kamera vile mtu anamtazama dalali. Nilimpiga picha sita, na nilipomaliza akauliza kama ukuta umeonekana wote.

"Wote, Koko."

"Na mimi?"

"Na wewe."

"Sasa waseme hakuna mtu."

Nilipompelekea mwenye hoteli picha zote, alizipitia haraka, hii sawa, hii sawa, mpaka akafika hiyo. Akaishika kwa ncha ya kidole.

"Hii ni nini? Nilisema watu?"

"Hiyo ni nyumba yake, mzee, pale kati ya Isinya na Kajiado. Aliikandika yeye mwenyewe."

"Naona. Ni mavi hiyo." Akaniangalia kama ni mimi niliyeyapaka. "Ukuta wenyewe uko chini, si ndiyo? Rudi na ndoo na brashi, uoshe, upige tena. Huyo mama mwambie akae ndani dakika kumi."

"Siwezi, mzee."

"Huwezi kuosha?"

"Siwezi kumvua nguo mama wa watu."

Akacheka, akamgeukia fundi aliyekuwa anapaka rangi dirisha. "Unasikia huyu? Eti nguo! Kijana, ni ukuta."

Hapo kitu kikanikatika. Nilikuwa sijawahi kumpandishia sauti mtu mzima maishani mwangu. "Wewe ulipokuja kupigwa picha ya pasi, kola ulinyoosha mara ngapi? Jasho ulipangusa la nini? Si ningekupiga tu vile umeoza!"

Fundi aliacha brashi hewani. Mwenye hoteli akazikusanya picha zangu zote, za reli, za shule, zote, akanirushia mezani. Alisema wapiga picha wako wengi kama nzi. Nikazibeba. Nilitembea mpaka Noonkopir, na nitasema ukweli, nilikuwa nalia. Ndoto yangu ilikuwa kwenye bahasha moja, na bahasha ilikuwa kwapani.

Mama aliziona usiku huo, moja moja. Ile ya Koko hakuigeuza juu chini. Alisema, "Huyu ni mtu na nyumba yake," akarudi kwa maharagwe yake.

Niliikuza ile picha ya Koko, nikaitia fremu, nikasubiri nipate siku. Ulikuwa wakati wa kiangazi kibaya. Ng'ombe wa Kajiado walikuwa mifupa inayotembea, na akina mama walitoka alfajiri na punda kufuata maji kwenye kisima cha mbali, wanarudi jua likiwa utosini. Kila tone lilikuwa na mwenyewe.

Nilifika kwa Koko fremu ikiwa mgongoni, nimeifunga kwa leso ya mama. Nyumba ilikuwa uchi. Ule ukuta ulikuwa umesuguliwa mpaka jiwe, waridi na kijani zimerudi, ufa umerudi, na pale walipokazana na brashi ya waya chokaa ilikuwa imetoka na mawe. Chini, ardhi ilikuwa na ganda la matope lililokauka na kupasuka. Kando ya mlango mitungi ya Koko ilikuwa imepangwa mstari mmoja, mifuniko wazi, mitupu.

Koko alikuwa ameketi ndani, kwenye giza. Hakunisalimu.

"Walikuja na gari ya maji," akasema mwishowe. "Tanki kubwa. Nikasikia inalia kutoka barabarani, nikasema Mungu amekumbuka. Nikatoa mitungi yote. Nikaita majirani, nikasema leteni, leteni, leo tunapewa. Wakashuka na mpira, wakamwaga kwa ukuta. Wanaruka mitungi yangu. Nikasema, kijana, jaza hata moja. Akasema hii maji ni ya kazi. Maji ikaenda hapo, ikaenda chini ya mti, mbuzi wakakunywa matope. Halafu mmoja na kamera akaniambia, Koko songa, unatokea kwa picha."

"Ukasonga?"

"Nikafunga mlango."

Sijui niandike vipi ili mtu aliyezaliwa na mfereji nyumbani aelewe. Tanki la maji, wakati wa kiangazi, mbele ya mitungi mitupu, kumwagwa ukutani ili nyumba ionekane imekufa. Na yule wa kamera alikuwa mtu wa kazi yangu. Pengine tulikuwa tukipeleka filamu kuoshwa kwa dirisha moja. Alimwambia songa, kwa adabu kabisa nadhani, na pengine akamwita Koko kama mimi. Nilikasirika mpaka nikaona giza. Nilitoka nje, nikaokota mawe mawili, nikapanda baiskeli.

"Unaenda wapi?"

"Kitengela. Ile hoteli iko na vioo vingi."

"Ukipiga vioo," akasema kutoka ndani, "hii ukuta itajikandika?"

Nilisimama. Mawe yalikuwa moto mkononi.

"Na hao wa ploti wakipita leo wakiona hivi?"

Nikayatupa. Nikakunja suruali.

Maji hayakuwepo, kwa hiyo tulitafuta mavi ya ndama ya asubuhi ile ile, yakiwa bado laini, tukayachanganya na majivu. Majirani wakaja. Walipoona naingiza mikono wakaziba midomo. Wazee wawili waliokuwa wakipitisha mbuzi wakasimama kabisa, wameegemea fimbo.

"Koko, umeolewa tena?" mmoja akauliza.

"Hapana. Nimepata binti."

"Binti wa Kikamba! Mwambie asikandike dirisha."

Wakacheka, mbuzi wakawaacha. Mimi sikucheka, na mimi ni mtu wa kucheka. Nilikuwa naubamiza ule mchanganyiko ukutani kama nambamiza mtu shavuni. Ulikuwa unaruka, unaniingia mdomoni. Koko akanishika kifundo cha mkono.

"Unapiga kama unapiga punda. Nyumba haijakukosea. Ya hasira inaanguka jua likitoka. Hivi." Akauvuta mkono wangu pole pole, kiganja wazi, kutoka ufa kwenda nje. "Hivi. Tena."

Nikafanya hivyo. Hasira haikuisha, lakini iliingia kwenye kiganja, ikawa na mahali pa kwenda.

Tulikuwa tumefika nusu ya ukuta, gari moja liliposimama barabarani. Wakatoka wanaume wanne wenye miwani na bibi mmoja mwenye mwavuli, na dalali mbele yao, mkono ameshaunyoosha. Mkono ukabaki hapo hapo. Kwenye ukuta tulikuwa akina mama watatu na mimi, wote mpaka viwiko, na ukuta mbichi unang'aa. Mlango wa buluu ulikuwa wazi. Nilikuwa nimeipachika fremu ndani, ikionekana kutoka nje, Koko akiwa na ufunguo wake.

Yule bibi wa mwavuli alisema, na upepo ukatuletea: "Kumbe kuna watu?"

Dalali akasema kitu kwa chini.

"Si ulisema ni gofu?"

Koko aliinua mkono wake uliojaa mavi, akaupunga juu kabisa, shanga zikalia.

"Karibuni chai!" akapaza sauti. "Lakini mje na maji!"

Waliingia kwenye gari. Tukasikia milango ikibamizwa mara nne, tano. Vumbi lilipotulia Koko alikuwa tayari amerudi kwenye ufa, na bila kugeuka akaniambia pale juu nimeacha nafasi, urefu wangu ni wa bure.